Gari Lililolia Kama Kahawa Kavu

Sikiliza, wewe unayetaka kumnunulia mtoto gari la kuchezea. Kila ninaposikia harufu ya kahawa ikikauka uani, namkumbuka Tata, baba yangu, dukani Bukoba, ameshika magari mawili ya bati yanayoongozwa kwa kidude chenye waya. Moja lilikuwa ghali, jingine rahisi. Tulitoka kijijini kwetu Kagoma alfajiri kwa sababu nilikuwa nimefaulu mtihani, naye aliniahidi gari linalojiendesha.

Tata hakumwamini mwenye duka. "Weka betri tulione likienda."

"Betri utaweka kwako, mzee, ukishanunua."

"Kumbe unauza gunia lililoshonwa, mtu asione kilichomo!"

Basi akafanya kama alivyofanya kila msimu wa kahawa: akayatikisa magari sikioni. Kahawa iliyokauka hulia ndani ya ganda lake. Mbichi hukaa kimya. Gari la ghali lilinyamaza.

"Hili bado bichi," akaninong'oneza. "Anataka kutuuzia maji."

La rahisi lililia vizuri sana. Tukalichukua, tukatoka tukicheka.

Nyumbani lilikwenda hatua tatu, likasimama. Tulipolifungua tulikuta kilichokuwa kikilia: gurudumu dogo la meno, limeng'oka. Tata alilishika kiganjani. Nikamwambia napenda zaidi kulisukuma gari kwa mkono.

Kwa hiyo bei isikutishe, wala isikuvute. Nenda na betri zako, liendeshe palepale dukani, likate kona kulia na kushoto, ndipo ulipe.