Binti wa Nyuma ya Nguzo

Manoranjan Haldar alianza kufundisha hisabati katika chuo kimoja cha mji wa Barishal nywele zake zikiwa bado nyeusi. Zamani hizo darasa lake halikuzidi wanafunzi arobaini. Kila mmoja alipita ubaoni, akakosea, akachekwa, akarudia. Haldar alimjua anayeogopa, na alimjua anayejifanya kaelewa.

Kisha chuo kikafungua milango. Wakaingia zaidi ya mia tatu katika ukumbi mmoja, wengine wakakaa madirishani. Haldar akapewa kipaza sauti kinachokoroma, akawa anaongea na ubao, basi. Wa mbele waliandika. Wa nyuma walitafuna karanga.

Nyuma ya nguzo alikaa Parul Mridha, binti wa fundi cherehani wa mji jirani wa Jhalokati. Mwanzoni alikuwa akiinua mkono, hakuna aliyemwona. Siku moja, mvua ikipiga mabati, Haldar alikosea alama ubaoni. Parul akasimama, akapaza sauti: "Mwalimu, hapo ni kutoa, si kujumlisha!"

Waliomzunguka wakapiga miluzi. "Mama Profesa huyo! Mpeni chaki!"

Haldar alisikia kelele tu. "Wewe uliyesimama, umekuja sokoni? Toka!"

"Mwalimu, nilikuwa nasema..."

"Nimesema toka!"

Akatoka, madaftari kayakumbatia kifuani.

Hesabu ikakataa kutoka. Haldar alipoirudia na kuona kosa lake, uso ulimshuka. Kesho yake akauliza: "Yule binti niliyemfukuza jana yuko wapi?"

"Yupi, Mwalimu? Mbona unafukuza watu kila wiki!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Jina hakulijua, sura hakuikumbuka. Akaenda kumwomba mkuu wa chuo aligawe darasa.

"Kaka Haldar," mkuu akasema, akimsogezea chai, "nikiligawa, wafundishwe na nani? Na ukuta?"

Parul hakurudi tena. Baba yake alisema kama chuoni ni kwenda kusikiliza kelele, hata nyumbani zipo; akamwoza kwa mwenye duka la mbolea.

Haldar aliyapata hayo wakati wa mitihani, kwa msichana mmoja aliyekuwa akikaa karibu na Parul ukumbini.

"Alikuwa hodari wa hesabu, eti?" Haldar akauliza.

"Sijui, Mwalimu," msichana akajibu bila kuinua macho. "Kule nyuma hata mimi sikuwa nasikia kitu."