Zulia Likishajaa

Dada yangu aliamini kwamba atajifungua salama bila daktari, kwa kuwa Mtumishi, kiongozi wa kikundi cha dini alichojiunga nacho, alimwambia hivyo. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji na hakuishi. Nesi alimwonya kwamba mimba nyingine lazima azalie hospitali, maana kovu linaweza kuachia. Nilipanda basi Tinde kwenda Geita nikiwa na neno hilo la nesi, na hoja nyingine nyingi nilizosoma kwenye simu.

Mimi ni fundi cherehani. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama video, nikafumua nguo za mitumba nione zilivyoungwa. Za kwangu pia nazifumua. Mshono ukipinda kidogo tu, moyo unaenda mbio mpaka niuanze upya. Hoja za kumtoa dada nilizishughulikia vivyo hivyo, nikizipanga na kuzipangua njia nzima. Nilikuwa nimesoma jinsi viongozi wa vikundi kama hivi wanavyowatenga watu na ndugu zao na kuwatisha kwa siku ya mwisho. Nilidhani nimeshaelewa.

Uwanja wao uko nyuma ya karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Linasaga mchana kutwa, na vumbi lake linatua juu ya magauni meupe ambayo wanawake wote pale huvaa. Nilimkuta dada ameinama kwenye ubao wa kuoshea mchanga, tumbo limeshashuka.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Umekuja kunichukua?”

“Nimekuja kukusalimia.”

“Muongo. Umekunja uso kama mtu aliyeona pindo baya.”

Na pindo lake lilikuwa baya kweli. Nililitazama lile pindo kwa muda mrefu kuliko nilivyomtazama usoni. Nilingoja kulia, kilio hakikuja.

Hoja zangu ziliisha siku ile ile. Nilimkumbusha kwamba Mtumishi alitabiri dunia itafika mwisho kabla pamba haijavunwa. Pamba ya nyumbani Kishapu ilivunwa, ikauzwa, na mama akanunua mabati.

“Ni kweli,” dada alisema, huku akimimina maji. “Hatukuwa tumesafika.”

“Kwa hiyo alikosea.”

“Watu wakichimba shimo, hawajaona dhahabu, utawaambia shimo limekosea?”

Nikaomba kubaki. Mumewe alikuwa amekwenda kwenye machimbo mengine na simu yake haipatikani, na mtu wa kukaa naye karibu siku ikifika sikumwona. Nilishona gauni langu jeupe, kisha nikaanza kurekebisha mapindo ya wenzake.

“Fundi huyu,” mmoja alisema, “akifika mbinguni atafumua kanzu za malaika.”

“Na wakigoma?” aliuliza mwingine.

“Atawafumua na wao.”

Walicheka. Nami nikacheka kwa mdomo.

Mtumishi mwenyewe nilitaka awe wa kutisha. Alikuwa mchimbaji wa zamani anayekohoa, mpole, ambaye kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama nimekula. Aliwahubiria kwa kazi wanayoijua. Mtu ni jiwe, alisema. Anasagwa, anaoshwa, anapita motoni, ndipo kinachong'aa kinabaki. Hospitali ni kuyakimbia maji kabla hayajamaliza kazi. Kwa sauti ile ile aliyoniulizia chakula, alimwambia dada asikubali kisu mara ya pili.

Dada alinifundisha kuosha. Ubao umeinamishwa na kutandikwa vipande vya zulia. Mchanga uliosagwa unamiminwa juu pamoja na maji, tope linateremka, dhahabu kwa kuwa ni nzito inanasa kwenye nyuzi. Tulikuwa tukiosha marudio, mchanga ambao wenye karasha walishauosha na kuutupa. Watu wanaishi kwa marudio. Wengine wanayaosha tena na tena, na kila mara kuna kidogo kinachobaki. Pale hakuna anayesema mchanga hauna kitu. Wanasema bado.

Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Nilitaka zulia litakate, nikawa naendelea kumwaga maji mpaka dada akanishika mkono.

“Acha. Zulia limejaa. Likishajaa unalitoa, unalikung'uta kwenye beseni. Ukizidisha maji, dhahabu inapita juu kwa juu, inaenda na tope. Unaosha mpaka unapoteza, kisa usafi.”

Nilielewa hapo, nikiwa na maji mpaka kwenye viwiko, na haikuwa kama nilivyosoma. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wameishi kwa subira ya namna hii tangu utotoni, na ilikuwa imewalisha. Mtumishi aliichukua ilivyo, akaielekeza kwake. Unabii usipotimia, ni marudio. Mtoto akifa, ni bado.

Uchungu ulimwanza asubuhi. Jua lilipofika utosini alikuwa amelala kwenye mkeka, wanawake wakiimba, midomo yake imepauka. Dereva wa bajaji niliyekuwa nimeongea naye mapema alikuwa ameegesha ng'ambo ya karasha. Mtumishi alikuwa anaomba karibu na mlango.

“Twende, dada.”

“Bado.”

Nilipiga magoti. Hoja zote za kwenye simu zilikuwa zimenitoka. Sauti iliyotoka haikuwa na hasira wala huruma.

“Zulia limejaa. Wewe ndiye uliyenifundisha. Likijaa hatuongezi maji. Tunalitoa.”

Uchungu mwingine ukaja, ukapita.

“Tusipolitoa?”

“Inaenda na tope.”

Akanyoosha mkono nimwinue. Wimbo ulikatika. Mtumishi alifungua macho, akatupisha mlangoni. Mpaka leo sijui kwa nini.

Daktari alisema kovu lilikuwa limeanza kuachia. Walimpasua. Mtoto wa kike alilia kabla sijaambiwa nikae. Nilikaa, nikaanza kuhesabu mishono ya pazia la wodi, na mmoja ulikuwa umeruka.

Dada alipoamka nilimpa mtoto. Alimtazama sana, akatabasamu.

“Unaona? Mtumishi alisema ataishi.”

“Alisema utazalia kwenye mkeka.”

“Alisema ataishi. Na neno ulilonitolea pale mkekani, unadhani ulilitoa wapi?”

Kovu lilipokauka alirudi uwanjani, mtoto mgongoni, na habari ya zulia sasa inahubiriwa pale kama ishara. Anaposimulia, mimi ni chombo kilichotumwa. Nimerudi Tinde. Nashona kigauni cha mtoto. Kitambaa ni cheupe, kwa sababu bila cheupe hawataniruhusu kuingia nimwone. Nimekifumua kola tena leo. Mama alipiga simu kuuliza kama dada atarudi nyumbani.

“Bado,” nilimwambia.