Mwanzi si Mti

Mikidadi bin Dadi alikuwa mtu wa Bigwa ya juu, mahali ambapo mtu akiteleza shambani kwake huokotwa shambani kwa mwenziwe. Alikuwa mfupi, mwenye mashavu manene ya miguu na sauti ndogo ambayo hakuipandisha hata katika ugomvi, jambo lililowaudhi sana waliogombana naye. Sifa yake ilitokana na kubeba wagonjwa. Mtu akivunjika mguu huko milimani, au uchungu ukimlemea mwanamke, waliitwa Mikidadi na wenzake watatu, nao waliteremka na mgonjwa kwa machela hadi mjini Morogoro.

Machela, kwa wale ambao hawakuikuta, ni turubai lililoning'inizwa kwenye mpiko mmoja mrefu, unaobebwa begani na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wapagazi wengi walitumia mpiko wa mti mgumu. Mikidadi alitumia mwanzi. Alisema mti hupitisha kila jiwe la njiani mpaka kwenye mbavu za mgonjwa, lakini mwanzi hupumua. Ukijua kupiga hatua kwa pumzi yake, mgonjwa husinzia. Usipojua, wewe ndiye utakayebebwa.

Mwaka 1912, Wazungu wenye mashamba ya mpira kandokando ya mji walichoka kutazamana, wakaunda Kamati ya Mashindano ya Machela. Warumi walikuwa na magari ya farasi; Morogoro ilikuwa na machela na vumbi. Yangefanyika mashindano manne, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, kuanzia Juni hadi Septemba, kutoka stesheni hadi Mto Ngerengere pale Msamvu na kurudi. Kila timu ilikuwa na watu wanne: wawili wanabeba, wawili wanakimbia kando wakingoja zamu. Kamati ilipenda haki kupita kiasi. Kila machela ilibeba gunia la mchanga lililopimwa kwenye mizani ya stesheni, na mchanga ukizidi, ulipunguzwa kwa kijiko.

Mwenyekiti alikuwa mwenye shamba mmoja aliyeitwa na watu Bwana Mita, kwa kuwa hakutoka nyumbani bila futi yake mfukoni. Yeye aliandika kanuni, na karani Agustino alizisoma kwa Kiswahili. Agustino alikuwa amesoma misheni, na alitamka kila neno kana kwamba ameliazima na lazima alirudishe likiwa safi.

Tuzo ya timu itakayoshinda mara nyingi zaidi ilikuwa vyeti vinne vyenye muhuri wa boma. Mwenye cheti asingechukuliwa kwenda kazi ya lazima ya barabara kwa mwaka mzima. Vyeti havikuwa na majina, kwani aliyeviandika hakujua nani angeshinda.

Hapo ndipo Mikidadi alipoanza kukosa usingizi. Miaka miwili mfululizo jumbe, mkuu wa kijiji, alikuwa amemtoa yeye kwenda barabarani, na miaka yote miwili ilikuwa wakati wa mvua, kwa hiyo shamba lilimea majani mpaka kiunoni. Na shamba halikuwa lake. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mikidadi alililima kwa sababu ya mkewe Hidaya, na aliyelisemea ni mama yake Hidaya, Bi Mwaisha. Mkwe na mkwe hawazungumzi ovyo, kwa hiyo ujumbe ulipitia kwa Hidaya: mwaka wa tatu shamba likilala, litarudi kwenye ukoo, Hidaya atabaki nalo, na Mikidadi atapewa mkeka wake aende zake.

"Mama hana ubaya na wewe," Hidaya alimweleza. "Anasema hata gugu hana ubaya nalo, ila hawezi kuliita mkwe."

Kwa hiyo alijiandikisha.

Timu ya kuogopwa ilikuwa ya shamba la Bwana Mita mwenyewe, Wanyamwezi wanne chini ya mnyapara wao Yakobo. Vyeti havikuwa na faida kwao, maana vibarua wa mashamba walikuwa na kadi zao na hawakuguswa na jumbe yeyote. Walikimbia kwa sababu Mnyamwezi aliyekwenda pwani na pembe za ndovu begani hawezi kusikia mtu mwingine anasifiwa kwa kubeba. Zaidi ya hapo, Mnyamwezi na Mluguru ni watani, na mtani hakosi la kusema. Yakobo aliuliza kwa nini Mluguru akitembea tambarare bado anainua magoti, anatafuta mlima gani. Mikidadi alijibu kwa sauti yake ndogo kwamba Mnyamwezi asiondolewe mzigo ghafla, ataanguka, kwani ndio uliomshikilia.

Juni Mikidadi alishinda. Julai alishinda tena, na gunia lake lilifika likiwa limetulia kama mgeni aliyeshiba. Watu wa stesheni walianza kusema mwanzi, mwanzi, mwanzi. Bwana Mita aliupima mpiko ule kwa futi urefu na unene, akaugonga kwa kidole, ukalia.

Wiki moja baadaye Agustino alisoma kanuni mpya. Kuanzia sasa kila mpiko uwe kitu kizima, usio na uwazi ndani. Sababu iliyotolewa ni usalama wa mzigo. Mchanga, kwa kadiri ijulikanavyo, haukuwa umelalamika.

Mikidadi hakubishana. Agosti alikimbia na mpiko wa mti, akapiga hatua za mwanzi kwa mazoea, na mti haukuzijibu. Alifika wa pili nyuma ya Yakobo, bega likiwa limechubuka. Nyumbani Hidaya alilikanda kwa maji ya moto.

Mwezi mzima uliofuata alijifungia uani. Alipasha moto chuma chembamba, akatoboa vifundo vyote vya ndani ya mwanzi mmoja mzuri, kisha akaushindilia sufi ya mito, konzi kwa konzi, mpaka ukakataa. Jumapili ya Septemba aliuweka mbele ya Agustino. Agustino aliingiza waya upande mmoja, akaingiza upande wa pili, akajifuta jasho, akaenda kumwarifu Bwana Mita kwamba uwazi haukuonekana.

Bwana Mita aliandika mstari mmoja. Agustino aliusoma palepale kwenye mstari wa chaki wa kuanzia: mpiko uwe wa mti.

"Huu umeota," alisema Mikidadi. "Una mizizi, una majani, na nimeukata kwa panga. Kama si mti, nilikata nini?"

Agustino alieleza kwa masikitiko ya kweli kwamba kwa mujibu wa kitabu alichosoma, mwanzi ni wa jamii ya majani, kama nyasi.

"Kwa hiyo miaka kumi nimebeba wagonjwa kwa unyasi."

"Kwa mujibu wa kitabu, ndiyo."

Watu walicheka, Mikidadi hakucheka. Hakuwa na mpiko mwingine pale; ule wa mti wa Agosti aliuacha Bigwa. Aliyetoka mstarini ni Yakobo. Alichukua mpiko wake wa akiba, wa mninga, akaulaza miguuni pa Mikidadi.

"Chukua," alisema. "Mimi nilitaka kukushinda wewe, sikutaka karatasi inishindie."

Walikimbia. Mpaka mtoni walikuwa bega kwa bega; kwenye kurudi ule mninga ulimlemea Mikidadi, na Yakobo alimtangulia kwa urefu wa machela moja na nusu. Sasa kila timu ilikuwa imeshinda mara mbili. Kamati ilikumbuka kwamba katika hali kama hiyo mshindi wa mwisho huchukua tuzo. Jambo hilo halikuwa limeandikwa popote, hivyo Bwana Mita aliliandika, akiegemeza daftari kwenye mgongo wa Agustino.

Yakobo alipewa vyeti vinne. Alivishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine.

Bi Mwaisha alikuwa ameteremka asubuhi ile kujionea mwenyewe, akakaa kivulini kwenye ukuta wa stesheni na kikapu chake, mgongo kwa mkwe wake kama inavyopasa. Sasa aliinuka. Alipita katikati ya Wazungu bila haraka, akavitoa vyeti vyote vinne mkononi mwa Yakobo, akavifunga kwenye pindo la kaniki yake, akakaza fundo kwa meno.

Bwana Mita alitaka kujua huyu mwanamke anafanya nini. Agustino alianza kutafuta maneno, maana kitabu chake hakikufika huko: mtani akichukua kitu cha mtani wake hadharani, mwenye kitu hakidai na hakasiriki. Yakobo alimsaidia.

"Mwambie Bwana ni sheria," alisema. "Ipo tangu babu zetu walipopita hapa na mizigo. Na haijabadilishwa katikati ya msimu."

Bwana Mita aliuliza imeandikwa wapi. Aliambiwa haijaandikwa. Alidai kuviona vyeti ni vya nani, na hapo alikumbushwa kwamba havina majina. Yakobo, kwa upande wake, alimgeukia yule mama na kulalamika kwamba angalau angemwachia mkono.

"Mkono ni wa kubebea," alisema Bi Mwaisha. "Kaa nao."

Mvua zilipoanza, mtu wa jumbe alipanda Bigwa na orodha yake, Mikidadi na wenzake watatu wakamwonyesha vyeti vyenye muhuri, akateremka. Mikidadi alilima tangu alfajiri. Siku ya tatu Bi Mwaisha alikuja na jembe lake, akatazama matuta, akamwambia Hidaya yamepinda. Kisha akaanza kulima kutoka upande wa pili, na wakaendelea hivyo mpaka adhuhuri, mkwe na mkwe, wamepeana migongo kwa heshima.