Sehemu ya tano niliyombakishia mjomba wangu kule Mgeta

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kwa umri wangu, karibu kila mtu humu ndani ana deni la shikamoo kwangu. Nimesamehe. Nimehesabu tena, wameongezeka, nimesamehe tena.

Hii si chai, si hadithi ya kutunga. Anayetaka chai jiko lipo kwake. Haya yalinitokea mimi, Morogoro, miaka ya hamsini, kabla bendera haijabadilika.

Kilichonikumbusha ni mjukuu wangu. Juzi alikuwa sebuleni anarudia tamthilia moja ya tanzia kwa ajili ya mtihani wa kidato cha sita. Anakariri: tragic hero, tragic flaw, catharsis, comic relief. Akanigeukia.

"Babu, hii comic relief kwa maneno ya kawaida ni nini?"

Nikamwambia ngoja nikamenye viazi kwanza. Hatukuwa na viazi.

Sasa twende taratibu.

Nilisoma shule ya misheni, mjini, chini ya milima. Padre aliyetufundisha Kiingereza alitupa tamthilia ya zamani, ya mfalme mmoja ambaye mji wake umezingirwa na adui. Mfalme anaapa mbele ya watu wote kuwa lango la mji halitafunguliwa mpaka adui aondoke. Akishaapa, ndipo anaambiwa kuwa mwanawe wa pekee amebaki nje.

Ina sehemu tano. Zote zilikuwa za kurudiwa, pamoja na yale maneno. Tragic flaw ni ile kasoro inayomwangusha shujaa. Kwa mfalme huyu, padre alisema, ni kiburi. Comic relief ni kichekesho kinachowekwa katikati ya majonzi ili mtazamaji apumue. Tulikariri kama katekisimu. Apumue kwani alikuwa amezibwa pua? Hatukuuliza. Padre alikuwa na fimbo.

Likizo ya mwisho kabla ya mtihani nilipanda kwetu Mgeta.

Kwa wasiotujua: sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Baba yupo, tunamheshimu, lakini mwenye mpwa ni mjomba. Mimi mjomba wangu alikuwa Klemensi, kaka yake mama. Alilima kabichi na viazi kwenye mteremko ambao mbuzi mwenyewe anaufikiria kabla ya kuupanda, akawauzia wenye malori ya Dar. Ada yangu ilitoka huko.

Kuhesabu mara mbili nimejifunza kwake. Mara ya kwanza anahesabu mzigo, mara ya pili anamhesabu mnunuzi.

Mwaka ule kifua kilikuwa kimemshika. Shamba hakwenda tena. Alikaa juu ya gunia nje ya jiko anachagua viazi, vikubwa huku, vidogo kule, koti zito mwilini hata jua likiwaka. Zahanati ya misheni walimpa dawa, na walimpa uso ule ambao mtu mzima akipewa anaelewa.

Siku ya kwanza nilikaa nyuma ya jiko nasoma kwa sauti. Nikamsikia.

"Mpwa! Unamtukana nani kwa Kizungu?"

"Simtukani mtu, mjomba. Ni mfalme anaapa."

"Anaapa nini?"

Nikamtafsiria. Alisikiliza kiazi kikiwa mkononi. Nilipofika pale mfalme anapoambiwa kuhusu mwanawe, alikiweka chini.

"Mfalme mzima anafunga lango kabla ya kuhesabu watoto?"

"Padre anasema ni kiburi."

"Kiburi gani! Hakuhesabu huyo. Mimi kuku tu, sifungi banda bila kuhesabu."

Basi ikawa ndiyo marudio yangu. Mimi nasoma, natafsiri, yeye anachagua viazi na kugombana na mfalme.

Sehemu ya nne, baada tu ya habari mbaya kabisa, anatokea mpishi wa mfalme analalamika kuwa vitunguu vimekwisha jikoni. Darasani hakuna aliyecheka. Mjomba alicheka.

"Mji umefungwa, na vitunguu hakuna! Mpwa, hebu nipatie njia ya kuingia na kapu moja tu. Mfalme angeniuzia taji!"

Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka mama akatoka ndani tukamshika huku na huku. Alipotulia, machozi bado yanamtoka, akaniuliza, "Eti yule mpishi anarudi tena?"

Sehemu ya nne tuliimaliza kesho yake, asubuhi ya siku niliyokuwa nashuka kurudi shuleni. Nikamwambia ya tano ni fupi, naweza kuisoma sasa hivi.

Alichukua kiazi, akakiangalia, akakirudisha.

"Anakufa?"

Nikafungua ukurasa wa mwisho.

"Usiseme. Hiyo ya tano nibakishie. Maliza mtihani, uje unisimulie."

"Mjomba, ni fupi tu..."

"Sikiliza. Nimeuza kabichi maisha yangu yote. Mnunuzi ukimpa kila kitu siku moja, kesho hana sababu ya kuja."

"Sasa hapa mnunuzi ni nani?"

"Mimi. Nipe sababu."

Tukashikana mikono, kama anavyofanya na wenye malori. Nilishuka mlima nimeamini kabisa kuwa nimefanya biashara nzuri. Alikuwa hajawahi kuvunja makubaliano. Na mtu anayesubiri mzigo wake haondoki sokoni.

Wakuu, aliondoka.

Habari ililetwa na tanboi, yule utingo wa lori la mboga. Alisimama kwenye geti la shule, kofia mkononi, na yule kijana kofia hakuwahi kuivua hata kwa padre. Mtihani ulikuwa umekaribia. Padre alinipa ruhusa ya kuzika na kurudi.

Nikapanda na lori lile lile, nimekaa juu ya makapu matupu. Njia nzima nilikuwa naikariri sehemu ya tano. Nilishaamua nitaisema kaburini, kimyakimya, nikamilishe upande wangu wa makubaliano.

Nilikuta jeneza liko tayari kutoka. Wanaume wamelibeba mabegani, mama analia, katekista ameshika msalaba. Ghafla msafara ukasimama.

Mlangoni kasimama Bibi Tekla. Huyu alikuwa mtani wa ukoo wetu, na vijana wa mjini msiojua, mtani kazi yake msibani ni kumdhihaki marehemu waziwazi na kudai chake, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Amevaa koti la mjomba. Amejaza mlango wote, mkono huku na mkono kule.

"Nimeapa!" akasema, kwa sauti ya mjomba kabisa. "Lango halifunguliwi!"

Akakohoa. Kile kikohozi, wakuu.

"Mpwa wangu msomi yuko wapi? Kanibakishia sehemu ya tano, kanifanya mimi dereva wa lori! Eti nisubiri! Basi nimeimaliza mwenyewe, na nimeshawasimulia wote hapa kijijini. Mmesikia au hamjasikia?"

"Tumesikia!" Kijiji kizima.

Akaigiza. Kiazi mkononi, ndiyo fimbo ya mfalme. Mfalme wa mjomba yuko langoni, mwanawe anagonga kwa nje, na kiapo hakimruhusu kufungua. Wazee wa mji wanaogopa kusema. Mpishi analia vitunguu. Ndipo anaitwa mtani wa mfalme.

Hapo Bibi Tekla akarudi kwenye sauti yake mwenyewe. Sehemu hii sijui kama ni ya mjomba au aliiongeza yeye.

"Wee! Wewe ni mfalme au ni kufuli? Mtoto yuko nje, wewe unalinda maneno? Kiapo chenyewe ulikula ukiwa na njaa, hata kitunguu huna!"

Watu walicheka. Waliobeba jeneza walicheka mpaka likayumba. "Mfalme akacheka," akasema Bibi Tekla. "Na mtu akitukanwa na mtani wake hana aibu ya kujirudi. Akafungua."

Akashusha mikono, akasogea pembeni.

Jeneza likatoka.

Mimi nilikuwa nacheka. Tangu nishuke kwenye lori nilikuwa nimekauka, hakuna chozi, hakuna neno, kifua kama kimefungwa kwa kamba. Nikacheka, kamba ikakatika, nikalia mpaka tanboi akanishika bega. Ndipo nikapumua.

Kaburini sikusema kitu. Sehemu ya tano nilirudi nayo shuleni kama nilivyokwenda nayo.

Mtihani ulikuja na swali la comic relief. Niliandika maneno ya padre vilevile yalivyo, maana msahihishaji hakuwa Mluguru. Nilifaulu.

Siku ya kuondoa matanga wazee walinipa jembe lake na jina lake, ndivyo mpwa anavyorithi kwetu. Mwaka ule walimu waliendelea kuniita jina la shuleni. Mlimani kote nilikuwa Klemensi.

Funzo ni hili. Msibani akitokea wa kuwachekesha, msimfukuze. Yeye ndiye anayewafungulia mlango, na pengine ndiye pekee aliyemsikiliza marehemu vizuri. Bibi Tekla alikuwa anakaa na mjomba pale kwenye gunia siku zote ambazo mimi nilikuwa bwenini nakariri.

Karibuni mchangie, hasa mnaotoka kwenye makabila yenye watani. Walipowazibia mlango, walidai nini? Sisi Bibi Tekla alidai lile koti. Tulijaribu kushusha bei, akaondoka nalo.

Mjukuu wangu nilimsimulia yote haya. Akaandika kwenye daftari lake, kisha akauliza:

"Babu, lakini kwenye kitabu chenu mfalme aliishia wapi?"

Nikamwambia hiyo nimembakishia mtu.