Tairi Pana za Mkwe

Nilikuwa na gari jekundu la milango miwili, la chini kiasi cha kukwangua kila tuta la mtaa wetu wa Rosettenville, na nililipenda kuliko mtu mzima anavyopaswa kupenda bati. Mke wangu alipojifungua, mama yake alikuja kutoka Bukavu kumtunza. Mke wangu akaniambia wazi: mama hapelekwi kliniki ya goti lake kwa gari hilo mpaka nifunge tairi nzuri, nami nikaahidi. Za zamani zilikuwa vipara, na baridi ya Juni, ambayo huku kusini hugandisha maji, ilishaingia.

Kwetu mama mkwe hakai ubavuni mwa mkwe wake. Kwa hiyo Jumamosi moja, tulipotoka kununua sombe, majani yetu ya muhogo, alikataa kiti cha mbele, akainama na kujikunja kwenye kile cha nyuma ambacho hata mtoto angekilalamikia. Nilipaswa kuona aibu tangu hapo. Mimi nikawasha redio.

Tukapitia kwa muuza tairi, Mkongo mwenzetu, mtu wa maneno machache. Mama mkwe akakaa kwenye benchi lake, mfuko wa mboga mapajani, akitutazama na kutusikiliza. Macho yangu yalikwama kwenye tairi pana za mashindano, nyeusi ti, karibu hazina michirizi.

"Kaka, hizo ni za joto," muuzaji akasema. "Asubuhi za hapa mpira wake unakuwa mgumu, hazishiki lami. Chukua hizi za kawaida. Hazina sura, lakini zitakurudisha nyumbani."

"Nifungie hizo pana. Mimi si dereva wa jana."

Nilisema kwa sauti ya juu, nikitaka mama mkwe asikie binti yake ameolewa na nani. Pumbavu kabisa. Muuzaji akamtazama mama mkwe, akachukua jeki.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nampeleka mama mkwe kliniki kwa sababu ya goti lake. Bomba lilikuwa limepasuka kwenye mteremko wa mtaa wetu na maji yameganda barabarani. Ningeweza kwenda polepole; nilikwenda nilivyozoea. Nilipokanyaga breki kabla ya taa za robot, gari likateleza tu, likageuka, likajibamiza kwenye nguzo upande wa abiria. Nyuma yangu nikasikia "Yesu", mara moja, kwa sauti ndogo.

Njia ya kutokea ilikuwa mlango wangu peke yake, na goti lilikataa kukunjuka. Ikabidi nimshike makwapani nimvute. Watu walisimama kutazama mwanaume akimkokota mama mkwe wake, kitenge kimepanda juu ya magoti. Yeye alifumba macho mpaka nilipomwachia. Nami niliyafumba. Hadi leo nikikumbuka mikono yangu ilipokuwa, natamani ardhi inimeze.

Nyumbani mke wangu alitusikiliza huku akinyonyesha.

"Si uliniahidi tairi nzuri za baridi?"

"Nimedanganywa," nikasema. "Yule jamaa aliniapia kwamba hizi ndizo zenyewe."

Akamgeukia mama yake. "Mama, ulikuwepo. Ni kweli?"

Mama mkwe alikuwa akisugua goti lililovimba. Hakuniangalia.

"Ni kweli, mwanangu," akasema. "Alimdanganya."

Mkwe havuliwi nguo mbele ya mkewe, ndivyo mama mkwe alivyolelewa. Mimi, badala ya kusema neno, nilishusha pumzi. Wiki hiyo mke wangu aliwaonya wanawake wote wa kanisani wasinunue kwa mwizi yule, na bado sikufungua mdomo.

Jumapili ilikuwa ya Meza ya Bwana, na mchungaji alituonya kama kawaida: mwenye dhambi asiyoitubu asiuguse mkate. Tulikaa mstari mmoja, mke wangu katikati. Mkate ulipomfikia mama mkwe, ambaye sijawahi kumwona akiukosa, aliinamisha kichwa na kuipitisha sahani bila kugusa kitu. Mke wangu akamshangaa, akamega chake, akanipa sahani.

Nikamega, nikala.