Kitambaa Chekundu Siku ya Maji Kujaa

Wateja walimwita Bi Vipimo, naye hakukasirika, maana mwili wake ndio uliokuwa kipimo. Kila asubuhi alikunja gauni, akaingia majini kwa miguu hadi kwenye fungu la mchanga katikati ya ghuba, akasimama palipoinuka kuliko kote. Maji yakimfika katikati ya paja, mbao za tanga, zile za kusimamwa juu na kusukumwa na upepo, ziliruhusiwa kutoka. Yakiwa chini ya hapo, alirudi kutundika kitambaa chekundu mlangoni mwa banda, kwa sababu pezi la chini ya ubao lingekwama mchangani, ubao usimame ghafla, na aliyeupanda arushwe mbele kichwa chini.

Banda hilo la kukodisha mbao lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Shemeji aliwahi kuchomeka nguzo yenye alama, lakini fungu lilihama kila baada ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, nguzo ikabaki kusema uongo. Yeye mwenyewe hakufaa kupima.

"Maji ya paja lako ni ya kiuno changu," alikuwa akicheka, mtu mfupi, mnene, mwoga wa maji kama paka.

Basi kila Bi Vipimo alipoomba kwenda kumwona binti yake aliyejifungua mji wa mbali, jibu lilikuwa lile lile.

"Nenda tu, shemeji. Lakini nani atapima?"

Hakumkatalia hata mara moja, na hilo ndilo lililomnyonga. Angekatazwa angegombana, afunge nguo zake aondoke. Lakini alisifiwa mbele za watu, akatengewa kiti chenye mto, huku mjukuu akiota meno kwenye picha za simu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya banda. Hata alipogeuza kitanda kikatazama ukuta, bado aliyasikia maji yakipwa.

Asubuhi moja alipima, maji yakamfika vizuri katikati ya paja. Akarudi, akatundika kitambaa chekundu.

"Leo hapana," alimwambia shemeji bila kumtazama. "Wala kesho. Acha nikamwone binti yangu mara moja."

"Ah, kama hakuna kazi, nenda shemeji wangu! Nibusie mjukuu."

Basi lilikuwa limeshauacha mji nyuma simu ilipolia.

"Shemeji, mbona maji yamejaa? Wateja wameingia wenyewe mpaka kwenye fungu, wanasema yanatosha. Nimekishusha kile kitambaa."

Bi Vipimo akageuka kutazama. Nje ya dirisha, miti ilikuwa imeinamia upande wa baharini. Ulikuwa upepo wa nchi kavu, ule unaoyasukuma maji nje yakapwa kabla ya saa yake.

"Warudishe sasa hivi!"

"Kwa nini? Ulisema hayatoshi, na yanatosha. Umeanza kuzeeka wewe."

Abiria wa kiti cha pili alikuwa ametega sikio. Bi Vipimo akafumba macho.

"Asubuhi nilikudanganya. Nilitaka kuondoka. Sasa sikudanganyi, shemeji: huo upepo unayatoa maji. Watu watavunjika shingo."

Simu ikakatika.

Alimsihi dereva asimame, akateremka na mkoba wake, akarudi kwa pikipiki. Alimkuta shemeji ndani ya maji, yeye aliyeogopa hata mawimbi ya beseni, amelowa mpaka kifuani, akipunga kitambaa chekundu na kupiga kelele hadi sauti imekauka. Wateja walikuwa wamerudi, isipokuwa fundi wa meno mmoja aliyeketi juu ya fungu, maji yakimfika vifundoni, ameshika bega. Ubao ulikuwa umekwama, na mlingoti umemvunja mtulinga, mfupa wa kati ya shingo na bega. Walimtoa wakimshikilia huku na huku, wakampeleka hospitali. Alipona, ingawa hakurudi tena ghubani.

Jioni shemeji alikuja kusimama mlangoni pa chumba chake.

"Kumbe ulikuwa unaumia hivyo. Si ungeniambia?"

"Nilikwambia. Ukaniuliza nani atapima."

Akajikuna shingo. Alipogeuka kuondoka, akasita.

"Kesho yanajaa saa ngapi?"

Akamtajia.

Tangu hapo wateja walipokiona kitambaa waliyatazama kwanza maji, kisha wakamtazama yeye. Ilimbidi aingie tena mbele ya macho yao ndipo wamwamini, kwa hiyo sasa alipima mara mbili.

Usiku ule wa ajali, binti alipopiga simu kuuliza amefika wapi, alimweleza yote.

"Basi, mama, tutakuja sisi," alisema binti. Hakusema lini.