Winchi ya Rimoti na Keki ya Mahafali

Sisi tuliosoma shule ya msingi pale Kasulu mwaka ule mnara wa kwanza wa simu unasimamishwa, tunajuana. Tukikutana sokoni, tukishamaliza habari za nyumbani na za watoto, lazima mmoja aulize, "Hivi unaikumbuka ile winchi?" Wenzangu wanacheka kwa raha zao. Mimi nacheka kwa shida, maana wao wanaikumbuka ile kubwa ya njano iliyoletwa na lori. Yangu mimi ilikuwa ndogo, ya mianzi, na ilininyima raha miezi mitatu mizima.

Enzi hizo mtoto hakununuliwa kitu cha kuchezea. Gari ulichonga mwenyewe kwa bua la muhindi, mpira ulisuka kwa nailoni na kamba za mgomba, na kama ulitaka magurudumu uliziviziavizia kandambili za mtu mpaka zikatike. Mtoto wa leo ukimwambia achonge gurudumu anakuuliza linachajiwa wapi. Basi winchi ilipokuja, shule nzima tulihamia kwenye uzio wa mnara. Kila mapumziko tulikuwa pale, mihogo ya kuchoma mkononi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, tunatazama ule mkono mrefu wa vyuma ukinyanyua vipande vya mnara, tunapiga kelele.

Rafiki yangu Esperansi, tuliyemwita Espe, hakupiga kelele. Alikuwa anahesabu. Alihesabu vyumba vya vyuma kwenye ule mkono, akapima urefu kwa hatua za dereva aliyekuwa akiizunguka, yote akaandika nyuma ya daftari. "Zuhura, hii tunaitengeneza," akaniambia. "Hatua yake moja, kidole chetu kimoja. Na itafanya kazi kwelikweli."

Wazazi wa Espe walikuwa na asili ya Burundi, wakulima wa Nyakitonto tangu sisi hatujazaliwa. Mjini alikaa kwa shangazi yake ili asome. Kwao walisema Kirundi. Kwetu sisi watu wa duka, babu alikuja kutoka Pangani na biashara ya nguo, tulisema Kiswahili tu, na Kiha changu, lugha ya pale iliyo jirani na Kirundi, kilikuwa cha kuombea maji.

Mdogo wangu Idi alikuwa ameletewa na mjomba gari la rimoti kutoka Dar. Wiki haikuisha, magurudumu yote nje. Tukalichinja. Ndani lilikuwa na mota mbili: ile ya kwenda mbele na nyuma tukaifanya ya kupandisha na kushusha, ile ya kukata kona ikawa ya kuzungusha mkono. Mota ilikuwa na mbio za kichaa, tukaipunguza kwa meno ya saa ya ukutani iliyokufa. Mkono tuliusuka kwa mianzi iliyopasuliwa na spoku za baiskeli. Kibanda cha dereva tulikikata kwenye kopo la mafuta ya mgao lililotoka kambi ya wakimbizi, makapi ya kupitishia kamba tukayapata kwa fundi cherehani, vile vigurudumu vya uzi uliokwisha. Nyuma, ili isipinduke, tulifunga mawe manane ya redio, yaani betri, yaliyokwisha nguvu. Mikono yetu ilikuwa na mikwaruzo mpaka mama akauliza kama shuleni tunafundishwa kufuga paka.

Mwenye rimoti alikaa mbali, hakuweza kuiona kamba vizuri. Espe akasema tuwe na maneno matatu kama mafundi wa mnara: pandisha, shusha, simama. Yeye anasimama chini ya mkono anaangalia, mimi nabonyeza. Tulijaribu kwa gunzi, kwa kopo la mchanga, kwa kiatu cha Idi. Ikabeba vyote, jamani! Nakumbuka tulikumbatiana tukaanguka chini.

Mwalimu wetu wa sayansi naye alipoiona alifurahi kupita kiasi, na furaha yake ndiyo iliyotuponza. Akapanga kwamba siku ya mahafali ya darasa la saba, winchi ndiyo itakayomfikishia mgeni rasmi keki. Kisha akatuita pembeni. Babake Espe, Mzee Nestori, alikuwa hajasema kama bintiye ataendelea na sekondari au atarudi Nyakitonto kushika jembe. Kila akiulizwa alijibu, "Tutaona." Mwalimu alikuwa amemwalika aje. "Aone kwa macho yake mtoto wake ni mtu wa namna gani," akasema. "Msiniangushe."

Toka siku ile chakula hakikupita. Nikilala naota kamba inakatika, nikiamka naenda kuishika kamba. Espe yeye kucha zake zilikuwa zimeliwa mpaka kwenye nyama. Mama akasema mtoto huyu ana minyoo, akaninywesha dawa chungu siku mbili.

Siku ya mahafali, keki ilikuwa ya mama yangu, ya kuoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu. Tukaiweka kwenye kikapu kidogo cha ukindu. Mgeni rasmi amekaa na suti yake, wazazi kwenye mabenchi, na kule mwisho kabisa nikamwona Mzee Nestori amesimama, koti zito na jua lote lile, kofia mkononi. Espe akasema, "Pandisha." Nikabonyeza. Kikapu kikanyanyuka, watu wakapiga vigelegele. Nikazungusha mkono kuelekea meza kuu.

Hapo kamba ikaruka kwenye kapi, ikaingia pembeni ikakwama. Mimi sikuiona. Espe aliiona. Na mtu akishikwa na hofu hatafuti maneno aliyofundishwa, linatoka lile la nyumbani. Akapiga kelele, "Oya! Oya!"

Kwa Kirundi, hiyo ni hapana. Na mimi nililijua hilo, wallahi, nililijua vizuri sana. Lakini masikio yangu siku ile yalikuwa ya stendi, kule wapakiaji mizigo wakitaka kusukuma wanaambiana oya, oya, twende. Nikabonyeza kwa nguvu zote. Mkono ukajikunja, mianzi ikalia kwaa, na keki ya mama yangu ikatua kwenye mapaja ya mgeni rasmi.

Uwanja mzima ulicheka. Na mimi, kwa aibu, nikamnyooshea kidole Espe mbele za watu nikasema, "Si wewe uliyesema oya!" Wakacheka zaidi. Espe akainama akaanza kuokota mawe ya redio, moja moja. Nilipotazama kule mwisho, Mzee Nestori hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Matokeo ya mtihani yalipotoka tulikuwa tumechaguliwa wote wawili, sekondari ya bweni kule Kibondo. Siku ya tatu shangazi yake Espe akaja dukani kwetu kununua sabuni, akasema kaka yake amekataa. Espe haendi. Nikajua ni mimi. Niliharibu mimi, nikamtwisha yeye, na babake akaamini ana mtoto wa kuvunja vitu mbele za watu. Nilivumilia siku mbili, ya tatu nikamwambia baba yote, nikilia. Baba hakunigombeza. Akasema, "Panda pikipiki."

Njia ya Nyakitonto sikuiona, nilifumba macho nikiyapanga maneno. Tulimkuta Mzee Nestori anaanika maharage uani, Espe yuko na ungo wake, hakuniangalia. Baba akasalimia kwa Kirundi cha dukani, "Mwiriwe," tukapewa vigoda. Nikasema yote kwa mkupuo: kwamba Espe aliona kamba, kwamba alisema hapana, kwamba mimi ndiye niliyesikia vibaya, na nikamsingizia.

"Najua," akasema Mzee Nestori. "Nilikuwepo. Mimi nilisikia alichosema."

Baba akashangaa. "Sasa mzee mwenzangu, kama ulijua mtoto hana kosa, mbona unamzuia?"

Mzee Nestori akaendelea kuyatawanya maharage kwa kiganja. "Mimi sina shida na winchi. Inavunjika, inatengenezwa. Lakini mtoto wa kike unampeleka bweni, mbali, hujui yuko na nani. Nitampelekaje kwa watu ambao yeye akisema hapana, wao wanasikia endelea?"

Mimi nilikuwa mdogo, sikuelewa yote aliyokuwa anayaogopa. Nilielewa tu kwamba ananiuliza mimi. Nikasema, "Nitakaa naye dawati moja, baba Espe. Kitanda chake na changu vitakuwa pamoja. Nitamsikia."

Mzee akamgeukia Espe, wakasema Kirundi kidogo. Kisha akasema, "Tutaona."

Januari nilisimama langoni kule Kibondo kuanzia asubuhi, natazama kila basi likipita. Espe alikuja siku ya nne, juu ya baiskeli aliyoisukuma babake kutoka stendi, sanduku la bati limefungwa kwa mpira. Tulikaa dawati moja miaka minne. Kulikuwa na siku, na wapo waliosoma bweni watakaonielewa, ambazo ile ahadi ya kusikiana ilikuwa na kazi, na tuliitumia wote wawili.

Leo binti yangu mwenyewe kamaliza la saba, wiki ijayo anaondoka. Ana begi la magurudumu, ana saa inayoonyesha hata mapigo ya moyo, ana vitu ambavyo sisi tungevifungua siku hiyohiyo tutoe mota. Kila kilichoandikwa kwenye karatasi ya shule nimenunua, jina nimeshona mpaka kwenye soksi. Watu wananicheka kwamba nina wasiwasi kuliko mtoto. Juzi, akikunja shuka zake, nikamuuliza atakaa dawati moja na nani.

"Mama naye," akasema, hata hakuinua kichwa. "Siku hizi kila mtu ana kiti chake."